Udongo wa Kuchemsha

Wifi yangu huchemsha kila kitu. Maji ya kunywa, sawa, hilo kila mwenye akili hulifanya. Lakini yeye huchemsha vijiko, vitana na vitambaa vya kufutia vumbi, na siku moja alichemsha kamba za viatu vya mume wangu kwa sababu alizikuta zimelala sakafuni. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Sista Mvuke. Kabla ya kustaafu na kuhamia kwetu, alifanya kazi katika chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji kwenye hospitali kubwa. Mikasi, koleo, sindano za kushonea watu, vyote viliingia kwake na damu vikatoka vinang'aa. Anasema hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeoza kidonda kwa sababu ya kifaa kilichopita mikononi mwake. Hilo nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu mwenyewe.

Nisimseme vibaya bure. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni, akamlisha, akamsomesha, akamtafutia mtu wa kumfundisha kazi. Mume wangu ni fundi baiskeli, mtu wa mikono mirefu na maneno mafupi, na mbele ya dada yake hata hayo mafupi humkauka kinywani. Kwa hiyo wifi alipokuja na sanduku lake na sufuria zake tatu kubwa, nilimpokea kwa vigelegele. Kwanza mimi napenda nyumba iliyojaa. Nyumba ya watu wawili naiona kama chumba cha kusubiria daktari: kila mtu anaangalia ukuta.

Kazi yangu ni miche. Kitalu changu kiko nyuma ya soko, ukuta mmoja na uani kwangu, kwenye kiwanja cha kamati ya mtaa. Mwenye masikio atakwambia hicho si kitalu tu. Nilipanga mbao juu ya matairi mabovu, zikawa benchi. Kinyozi alileta kiti chake akakiweka chini ya kivuli cha wavu, akawa ananyoa watu katikati ya miche ya mipapai. Wanawake wakitoka sokoni hupumzisha vikapu hapo. Ukitaka kujua nani kaachwa, nani karudiwa na nani kapaka nyumba rangi kwa mkopo, unapita kwangu. Habari ikifika kwa mwenyekiti wa mtaa, ujue kwangu imeshalala na kuamka.

Kiwanja hicho nilipewa kwa sharti. Juu ya mtaa wetu kuna kilima kilichochimbwa kokoto mpaka kikabaki uchi, na kila mvua ikinyesha matope yanashuka mpaka vyumbani mwa watu. Kamati ikaamua kipandwe misonobari. Mimi nikapewa kazi ya kuiotesha, na malipo yangu ni kukaa hapo na kuuza miche mingine ninayotaka. Lakini mwenyekiti alisema mbele ya watu wote: mvua kubwa zikikaribia, miche iwe imefika shibiri, na shina liwe limekomaa. Isipofika, kiwanja kinakwenda kwa Mzee Povu.

Mzee Povu anaosha magari upande wa pili wa barabara. Ana mabomba, ana ndoo, ana wateja, ila hana nafasi. Tangu siku ile akawa anapita kando ya ua wangu kila asubuhi akipiga hatua ndefundefu, kimya, kama mtu anayefanya mazoezi. Alikuwa anapima.

Sasa msonobari una mambo yake. Mzee niliyemrithi kazi hii aliniachia usia mmoja tu: nenda kwenye misonobari mikubwa iliyo karibu na tangi la maji, chota udongo wa chini yake, ule mweusi wenye majani yaliyooza, uchanganye na udongo wako. Kwa nini, hakusema, na mimi sikuuliza. Chumvi kwenye chakula huulizi kwa nini. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo na miche ikatoka kama nywele za mtoto mchanga. Mwaka wa pili, ndio huu ninaousimulia, nilichota tena, nikachanganya, nikajaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, safu mbili pale karibu na bomba, lundo lililobaki nikaliacha. Binti wa binamu yangu alikuwa anaolewa mji wa pili. Harusi siikosi, hata ya adui.

Niliporudi, sauti imekauka kwa kuimba, nikakuta kitalu kimepangwa kama wodi. Viriba vyote vimejazwa, safu zimenyooka, hakuna kilichoinamia jirani yake. Pembeni kulikuwa na pipa juu ya mafiga, jeusi kwa moshi, na wifi amesimama kando yake na aproni yake nyeupe ya hospitali. Akanieleza kwamba alipoanza kunisaidia kujaza, alikuta lundo langu limejaa ukungu. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa kila mahali, na harufu ya uyoga juu yake. Akaogopa. Basi akauchemsha udongo wote kwa mvuke, pipa baada ya pipa, siku zote nilizokuwa harusini, mpaka ukatoka safi kiasi kwamba, kwa maneno yake, ungeweza kuuweka juu ya kidonda.

Nilimkumbatia. Nilimshukuru mbele ya kinyozi, mbele ya akina mama wa vikapu, mbele ya mwenyekiti aliyekuwa ananyolewa. Nikasema wifi kama huyu haokotwi, anaombewa. Kinyozi akasema basi amwombee na yeye mmoja, ila asichemshe nyembe zake. Tukacheka mpaka jioni. Mdomo wangu huu ukifungua mlango, kuufunga ni kazi ya watu wanne.

Mbegu zikaota vizuri. Kila kiriba kikatoa kijiti chenye kofia ya majani membamba, kijani kibichi, nikawa nazungusha wageni kuwaonyesha. Halafu miche ikasimama. Ikafika urefu wa kidole cha mwisho ikagoma. Wiki zikapita, rangi ikaanza kubadilika, si kijani tena, ikawa zambarau kama midomo ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi. Safu mbili za karibu na bomba tu ndizo zilizoendelea kupanda, na mimi nikajiambia ni kwa sababu zinapata maji ya matone.

Ndipo nilipoijua hasara ya kuwa na benchi nyingi. Kila aliyekaa alikuwa daktari wa miche. Mmoja akasema jua kali, nikaongeza wavu. Mwingine akasema kivuli kimezidi, nikautoa. Mume wangu akasema, kwa maneno yake manne ya siku ile, labda ina njaa tu. Nikaweka mbolea. Ikazidi kuwa zambarau. Nikaongeza mbolea, mingine ikakauka kabisa. Kinyozi alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba hilo ni jicho la mtu, na akatazama ng'ambo ya barabara. Mzee Povu naye akaja kunijulia hali, amekunja suruali, mapovu yamemkauka magotini. Akainama juu ya miche yangu akaitazama kwa huruma kubwa.

"Mama Kitalu," akasema, "hii miche yako inamsubiri nani?"

Nilitamani kummwagia ndoo. Lakini ndoo zenyewe ndizo maisha yake, angefurahi.

Nikaenda kumwita Bibi Miti. Huyu ni afisa misitu wa eneo letu, msichana mwembamba mwenye pikipiki na buti zinazomzidi. Hakuuliza maswali mengi. Aling'oa mche mmoja wa zambarau, akausuuza kwenye beseni, akaninyanyulia. Mizizi ilikuwa michache, mirefu, mitupu kama uzi wa kushonea. Halafu akaomba ruhusa, akang'oa mmoja wa safu za karibu na bomba. Huo ulikuwa na mizizi mifupi iliyogawanyika kama vidole vya mjusi, na kila kidole kimevishwa soksi nyeupe. Kutoka kwenye soksi zilitoka nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimeshikilia udongo hata haukutaka kuanguka. Akanisogezea puani. Harufu ya uyoga.

Alitueleza taratibu. Alisema hizo nyuzi ni kuvu, ndugu wa uyoga, na msonobari bila kuvu huyo ni sawa na mtu aliyewekewa chakula ng'ambo ya mto. Mzizi wa mti ni mnene na mfupi, haufiki kila mahali. Nyuzi zile zinapenya kwenye vijitundu ambavyo mzizi haupiti, zinaleta maji, zinaleta na chumvi za udongo ambazo mche ukizikosa unakuwa zambarau. Mti nao, kwa kuwa ndio unaokaa juani ukapika sukari kwa majani yake, unaishusha sehemu ya ile sukari chini, kuvu anakula. Hakuna anayemwibia mwenzake. Kila mmoja ana alichonacho na kila mmoja ana alichokosa.

"Kama wewe na mume wako," kinyozi akaniambia. "Yeye kimya, wewe unaleta habari."

Bibi Miti akaendelea. Udongo wa chini ya misonobari mikubwa ndiyo mbegu ya kuvu huyo, ndicho mzee wangu alichonirithisha. Ukiuchemsha unamuua. Na mbolea niliyorundika haikusaidia chochote, maana mizizi haikuwa na wa kuipokea. Akauliza nani aliuchemsha udongo.

Watu wote walitazama viatu vyao. Wifi alikuwa amesimama nyuma, mikono ameifunga mgongoni, kama mtu aliye kwenye ukaguzi. Akauliza swali moja tu, kama ukungu siku hizi umekuwa chakula, halafu akaingia ndani. Tukasikia sufuria ikiwekwa jikoni.

Nikajua yamekwisha. Mtu mzima ameambiwa mbele ya watu, amesikia, yamekwisha. Mume wangu akatengeneza mzigo nyuma ya baiskeli, tukaenda kwenye tangi la maji, tukachota magunia ya udongo mweusi. Bibi Miti alituonyesha namna ya kutoboa tundu kando ya kila mche kwa kijiti na kuweka konzi ndogo. Tulifanya kazi hiyo mimi na wanawake wa vikapu mpaka migongo ikalia. Wifi hakushika kijiti. Alisema mkono wake unauma. Lakini alijitolea kumwagilia asubuhi, wakati mimi niko sokoni na miche ya kuuza. Nikaona ni namna yake ya kuomba radhi. Nikamwachia.

Bibi Miti alikuwa amesema tutaona mabadiliko baada ya wiki kadhaa: kijani kitaanza hapa na pale, kama madoa, halafu madoa yatakutana. Nikangoja madoa. Kila nikirudi kutoka sokoni nilikuwa sivui hata kanga, naenda kuchuchumaa kwenye safu. Zambarau. Wiki nyingine, zambarau. Nikaanza kuota miche usingizini. Nikawa mkali kwa wateja, nikamkemea mama mmoja aliyeuliza tu kama nina mche wa ndimu. Watu kwenye benchi wakawa wananisemesha kwa upole, na hakuna kitu kinachoniudhi kama kusemeshwa kwa upole. Mwenyekiti alianza kunyolewa kwingine. Nilijua maana yake: hakutaka kuniangalia machoni.

Bibi Miti akarudi, akachimbua, akasuuza, akakuta mizizi mitupu vilevile. Safari hii hata yeye alikunja uso. Akanusa udongo, akanusa tena, akaniuliza kama nimepiga dawa yoyote. Nikaapa sijapiga. Nikaapa kwa kichwa cha mume wangu, maskini, alikuwa amesimama pale pale na kichwa chake. Bibi Miti akaniangalia kama mtu anayejua anadanganywa lakini hajui kwa nini, akapanda pikipiki yake akaondoka. Hilo liliniuma kuliko miche. Mimi kusema uongo nasema, nikipenda, kwenye habari za watu. Siku hiyo nilikuwa nimesema kweli tupu.

Mambo yalijulikana asubuhi moja niliporudi kutoka sokoni kabla ya wakati. Mwenyekiti alikuwa amemtuma mtu kuniambia kwamba mawingu yameanza kujikusanya, hivyo kamati itakuja kukagua mapema kuliko tulivyokubaliana. Niliacha miche yangu kwa muuza vitunguu nikaja mbio. Nikaingia kitaluni kwa mlango wa uani, na nikamkuta wifi. Amevaa aproni. Ana ndoo mkononi na kijiko cha chai. Anachota, anamimina kijiko kimoja kwenye kiriba, anafuta ukingo wa kiriba kwa kitambaa, anahamia kingine. Kwa upole, kwa mpango, kama anayewapa watoto dawa ya kikohozi. Chini karibu na mguu wake palikuwa na chupa ya dawa ya ukungu, ile wanayopigia nyanya.

"Wifi," nikamwambia, "unamwagia nini?"

"Dawa." Hakushtuka hata kidogo. "Mbona umerudi mapema?"

"Bibi Miti alisema ule ukungu ndio unaoilisha miche."

"Bibi Miti ni mtoto. Mimi ukungu naujua, nimekaa nao maisha yangu yote. Unaanza uzi mmoja mweupe, watu wanacheka, wanasema hakuna kitu. Kesho mtu anakatwa mguu."

"Huu si mguu wa mtu, wifi."

"Na mzizi wa mti ni nini, kama si mguu?"

Nikamtazama usoni. Hapakuwa na shari hata chembe. Laiti angekuwa na wivu, ningejua pa kushika. Kwa shari nina dawa, nimekulia mitaani. Lakini mama huyu alikuwa ananiokoa. Kila asubuhi nikigeuka, alikuwa ananiokoa kwa kijiko, na mimi kila jioni nalia.

Kinyozi alikuwa ameshafungua kiti chake. Akina mama wawili walikuwa kwenye benchi. Nilijua wanasikia, na bado nikasema.

"Miche haifi kwa jicho la mtu. Haifi kwa njaa. Wewe ndiye unayeiua. Uliiua mara ya kwanza nikakusifu, na unaiua tena."

Wifi akaweka kijiko ndani ya ndoo. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia sanduku likiburutwa.

Mume wangu alitoka karakana na mnyororo wa baiskeli mkononi, akauliza nimemwambia nini dada yake. Nikamweleza. Nikamwonyesha chupa. Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi, akaangalia mlango ambao nyuma yake sanduku lilikuwa linaburutwa. Nikamwambia aende akazungumze naye. Akasema ni dada yake, atamwambia nini. Nikamwambia aseme lolote, hata salamu. Akarudi kwa baiskeli zake. Nilisikia anagonga kitu kwa nyundo ambacho nina hakika hakikuhitaji kugongwa.

Sasa nihesabieni hapo. Wifi akiondoka, mtaa mzima utasema nimemfukuza mama mzima kwa ajili ya vijiti vya zambarau, na mume wangu atabaki na mimi lakini hatabaki na moyo. Wifi akibaki, miche inakufa, kiwanja kinakwenda kwa mapovu. Na benchi zilikuwa zinanitazama zione nitafanya nini. Kwa mara ya kwanza nilitamani wote warudi makwao.

Nikaingia ndani. Wifi alikuwa amekaa juu ya sanduku karibu na mlango, mkoba umewekwa mapajani, anatazama mbele kama abiria. Nikakaa sakafuni. Sikuomba radhi, maana nilichosema kilikuwa kweli. Yeye naye hakuomba. Tukakaa hivyo mpaka nikachoka, na nikichoka mimi huuliza maswali. Nikamwuliza, kule hospitali, vifaa vikishatoka kwenye mvuke, vikiwekwa tayari kwa upasuaji, nani alikuwa anaruhusiwa kuvigusa.

"Hakuna," akasema.

"Hata daktari mkuu?"

"Daktari mkuu anakaa mlangoni mpaka anawe na kuvaa. Nilishamrudisha mmoja. Alikuwa na pete."

Nikamwambia basi anisikilize. Kuvu wa miche ameshawekwa ndani. Bibi Miti ndiye aliyemweka, tena tutamweka upya, na akishakuwa ndani, chochote kinachotoka nje kinaharibu kazi. Dawa inaharibu. Mbolea inaharibu. Vijiti vya watu wanaochokonoa kuona kama mzizi umeota vinaharibu. Maji ya sabuni ya Mzee Povu yanayorukia uani yanaharibu. Hata povu la kunyolea la kinyozi linadondokea kwenye viriba, nimeliona kwa macho yangu.

Wifi aligeuza shingo polepole. "Na mlangoni pana nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu," akarudia, kama mtu aliyeambiwa nyumba imelala wazi na ndani mna mtoto. Akaondoa mkoba mapajani.

Nilidhani nimeshinda. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mtu kama yule humpi mlango nusu.

Tulichota udongo mara ya tatu. Viriba vilivyolewa dawa tulivimwaga, tukahamishia miche kwenye udongo mwingine, na Bibi Miti, baada ya kuonyeshwa chupa na kunitazama tena kama binadamu, alituletea uyoga mkavu wa chini ya misonobari tukausaga na kuukoroga kwenye maji ya kumwagilia. Wifi alisimamia kila hatua. Kesho yake asubuhi nikakuta kamba imefungwa langoni. Mbele ya kamba palikuwa na beseni la maji, taulo, na wifi kwenye kigoda. Kinyozi alikuwa amesimama barabarani na kiti chake kichwani. Wanawake wa vikapu walikuwa nyuma yake.

Niliwaambia waingie. Wifi akasema hapana. Kinyozi akatoa utani wake wa kila siku, wifi akamwangalia mikono. Akamwambia nywele za watu kumi zimeganda kwenye viganja vyake, na anataka kuingia chumba cha upasuaji. Benchi zangu zilitolewa moja moja, tairi moja moja, zikapangwa nje ya ua. Jua la pale halivumiliki. Siku ya tatu watu wakaanza kuhama. Nikamwambia wifi anafukuza wageni wangu. Akaniambia nilisema mwenyewe kwamba vinavyotoka nje vinaharibu. Nikasema sikumaanisha watu wote. Akaniuliza ni nani basi aliyeuleta ukungu mbaya duniani, mbuzi?

Na miche ikaanza kupona. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Doa moja la kijani karibu na ukuta, kisha mawili, kisha safu nzima. Majani yaliyokuwa zambarau yakaanza kurudiwa na rangi kutoka katikati. Nikichimbua kidogo, kwa siri, wifi akiwa chooni, nilikuwa naona zile soksi nyeupe zimeanza kuvaliwa. Mvua nayo ikajivuta wiki nyingi, mawingu yakaja yakarudi, kamati ikasogeza ukaguzi mbele, tukapata nafasi ya kupumua.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alifika na Mzee Povu nyuma yake, kama bwana harusi na msindikizaji. Wifi aliwavulisha viatu wote wawili. Mwenyekiti akanawa miguu bila ubishi. Mzee Povu akasema yeye anashinda majini kutwa nzima, hakuna mguu msafi kuliko wake. Wifi akamwonyesha mapovu yaliyokauka magotini, akamwacha nje ya kamba. Ilikuwa furaha yangu pekee msimu ule.

Mwenyekiti akapita kati ya safu akipima kwa mkono wake. Mingi ilikuwa imefika shibiri. Iliyobaki ilikuwa mifupi, lakini ya kijani na imekaza shina. Akasema iliyofika itapanda kilimani mvua ikianza, mifupi isubiri mvua zijazo, na kiwanja kinabaki kwangu. Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeivuta tangu harusini.

Halafu akamgeukia wifi. Akampa mkono, akasema kamati inamshukuru yeye hasa, maana bila nidhamu yake miche hii isingekuwepo. Nikangoja. Nilimtazama wifi moja kwa moja, nikisubiri neno moja, hata nusu neno, hata akohoe. Yeye akajifuta mikono kwenye aproni na kumweleza mwenyekiti kwamba zile nyuzi nyeupe aliziona mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kwenye nyumba ile, na akajua pale pale kwamba si kitu cha kuchezea.

Mume wangu alinikanyaga mguu, taratibu. Nikanyamaza. Kumbe kunyamaza nako kuna kelele, ila huzisikia wewe peke yako.

Mvua ilianza, misonobari ikapelekwa kilimani, na mimi nikaotesha mingine. Kamba bado iko langoni. Wifi anasema kuvu hana likizo. Asubuhi moja nilikuwa najaza viriba nikasikia kicheko kikubwa ng'ambo ya barabara, kile kicheko cha watu wengi kinachoanza na mmoja kisha kinavunja benchi. Nikachungulia juu ya ua. Kinyozi amesimika kiti chake chini ya turubai la Mzee Povu. Wanawake wa vikapu wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mwenyekiti yuko pale, kidevu kimejaa povu, anajishika mbavu. Hata mume wangu alikuwepo, na baiskeli ya mtu, anacheka na meno yote nje.

Nikavuka barabara mbio, lakini nilipofika wote walikuwa wanafuta machozi, na jambo likishachekwa halisimuliki tena. Wakanisalimia vizuri. Wakanipisha ndoo. Nikakaa kidogo nikaona kiriba changu nimekiacha wazi, nikainuka.

Langoni wifi alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka.

"Wifi," nikamwuliza, "hukusikia walikuwa wanacheka nini?"

"Mimi niko kazini," akasema, akasukuma beseni kwa mguu likasimama mbele yangu. "Nawa."